Kopo la Karani wa Mizani

Karani wa Mizani hakuwahi kuvaa shati jipya. Mashati mapya alikuwa nayo, tena mengi. Kila Idi mkewe alimletea moja, naye akalipokea, akalisifu, akalinusa, kisha akalirudisha ndani ya karatasi yake na kulitia sandukuni. Kuswali Idi alikwenda na kanzu ile ile ya miaka yote, iliyofuliwa mpaka ukiinyanyua juani waona vidole vyako upande wa pili. Ukimwuliza hilo shati atalivaa lini, alijibu, "Litavaliwa tu. Halina haraka, nami sina."

Hilo la pili halikuwa kweli, na yeye alilijua vizuri kuliko sisi sote.

Nilijuana naye huko Ramisi, pwani ya kusini, miaka ya kwanza ya Uhuru. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, cheti changu kimo ndani ya bahasha ambayo sikuiachia hata nikienda kuoga. Yeye alikuwa ameikaribia arobaini. Niliajiriwa kuwa msaidizi wake pale langoni mwa kiwanda cha sukari, katika kibanda cha mabati kilichotazamana na mizani ya miwa. Watu wote walimwita Karani, kana kwamba kiwandani hapakuwa na karani mwingine. Jina lake nalijua. Sikumbuki kama nimewahi kulitamka mbele yake, na leo nikilitamka nitahisi ninamsema mtu nisiyemfahamu.

Kwanza mikono. Juu ya maungio ya vidole alikuwa na vinundu vya manjano, vigumu, kama punje za mahindi zilizofukiwa chini ya ngozi. Vingine viwili, vikubwa, vilikuwa nyuma ya miguu, juu kidogo ya visigino, kwenye ule mshipa mnene. Viatu vilimkwaza, kwa hiyo kila jozi aliyoipata aliikata nyuma kwa kisu. Na ndani ya macho, kuizunguka mboni, palikuwa na duara jeupe kama la mzee wa miaka themanini. Vinundu havikumuuma. Alipokuwa akifikiri aligonga meza kwa hivyo hivyo, kok, kok, kok, na madereva waliokuwa kwenye foleni wakajua kuna uzani ambao haujamridhisha.

"Ni vya kwetu," aliniambia nilipomwuliza. "Marehemu baba alikuwa navyo, na kaka zangu walikuwa navyo. Mtu wa kwetu humpotezi sokoni."

Nilicheka. Nilikuwa kijana, sikusikia kwamba alisema "walikuwa".

Kazi yetu yaeleweka upesi. Trela la miwa hupanda juu ya bamba la chuma, ukaandika uzani. Likishamwaga miwa kiwandani hurudi, ukalipima tupu. Ukitoa wa pili katika wa kwanza, hiyo ndiyo miwa. Ujanja wote wa bonde la Ramisi ulikuwa katikati ya vipimo hivyo viwili. Dereva alikuja na pipa la maji, gurudumu la akiba, na mataniboi watatu, wasaidizi wake wa garini, wameketi juu ya miwa. Akirudi kupimwa mtupu, maji yamemwagwa, gurudumu limeachwa kwa rafiki, na mataniboi hawaonekani. Vyote hivyo vingehesabiwa kuwa miwa kama Karani hangekuwa na macho.

Siku moja alikuja dereva mmoja aitwaye Hamisi, mcheshi, mwongo wa kupendeza. Trela lake liliporudi tupu Karani aligonga meza.

"Hamisi, umekwenda na watu watatu. Wamekwenda wapi, wameliwa na fisi?"

"Wameshuka kukojoa, Karani."

"Basi tutawangoja. Mkojo wao nao ulipimwa."

"Wallahi, Karani, weye utatupima na roho!"

"Roho iko juu ya mizani nyingine. Hii ni ya miwa. Waite wenzio."

Foleni nzima iliangua kicheko, na haukupita muda mataniboi wakachomoza nyuma ya kibanda cha chai, midomo imejaa miwa, wakapanda juu ya trela kama watoto waliofumwa. Karani hakucheka. Alinifundisha siku hiyo jambo ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko dua: "Usimwamini mtu kwa uzani mmoja. Kilichojaa kipime, na kilicho tupu kipime. Ukipima kimoja, hujapima kitu."

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, asiyekubali hata kipande cha muwa cha kutafuna, alikuwa na ajuza mmoja mjane aliyeleta miwa yake michache kwa mkokoteni wa punda. Mkokoteni ule ulipopanda juu ya bamba, Karani alitoka kibandani kana kwamba anakagua magurudumu, akasimama kando, na mguu wake mmoja ukawa juu ya bamba. Niliuona mguu. Naye aliniona nimeuona.

"Andika," aliniambia.

Niliandika.

Nyumbani kwake, kijijini upande wa Msambweni, ndipo ungeona tabia yake ya kuweka. Taa nzuri ya karabai aliyopewa zawadi ilining'inia ukutani, kioo bado kimeviringishiwa karatasi ya dukani, na chini yake wakiwasha koroboi iliyotoa moshi. Vikombe vya maua vilikuwa kabatini, wageni tukinywea vile vyenye mapengo. Kamba, misumari, bahasha zilizotumika, vifuniko visivyo na vyombo, vyote vilikuwa na mahali pake na vilikuwa vikingoja siku yao.

"Nilipoolewa," mkewe alinambia siku moja akinimiminia uji, "nilidhani na mie atanitia sandukuni."

"Ningekutia," akajibu Karani bila kuinua macho, "hukuenea."

Hakuwa bahili. Ukimwomba kitu kile kile alichokuwa amekifungia, alikitoa papo hapo. Alimpa jirani taa ya karabai kwa harusi ya bintiye, akaondoa karatasi mwenyewe, akakifuta kioo. Iliporudi akaiviringishia karatasi tena. Alikuwa na mkono wa kutoa, ila hakujua kujipa mwenyewe.

Na wala hakuwa mlaji. Nasisitiza hilo kwa sababu baadaye watu walisema mengi. Alikuwa mwembamba, mbavu zake zikihesabika. Alikula muhogo wa kuchemsha, samaki, mchuzi wa bamia. Jumatatu na Alhamisi alifunga. Kwenye sinia ya pilau ya harusi aliisukuma nyama kwa vidole kuelekea upande wa wenziwe, kidogo kidogo, mpaka upande wake ukawa mchele mtupu.

Kaka zake watatu walikufa hivi. Mkubwa alikuwa akitawadha msikitini, akainama kuosha mguu wa kushoto, hakuinuka. Aliyemfuata alikutwa katikati ya shamba la miwa, panga mkononi. Wa tatu aliketi kizingitini kwake kutoa mwiba mguuni, akamwambia mkewe kifua kinambana, alete maji, na maji yalipofika hayakuwa na mnywaji. Hapakuwa na homa, wala kulala kitandani, wala nafasi ya kuagana. Watu wa kijijini walisema nyumba ile inafuatwa. Karani aliletewa habari za mganga huyu na yule, akawashukuru wote, hakwenda.

Habari hizo alinipa kibandani, kwa sauti ile ile ya kusoma uzani.

"Mkubwa alikufa na arobaini na mbili. Wa pili arobaini na moja. Wa tatu arobaini hakuifikia."

Aligonga meza mara moja.

"Mimi mwezi ujao ni arobaini na moja."

"Kwa hiyo, Karani?"

"Kwa hiyo andika. Trela limepanda."

Mimi sikukaa. Sijawahi kukaa mahali. Miaka miwili kibandani ilinitosha, nikaanza kuwashwa na miguu kama ninavyowashwa mpaka leo nikiwa na mvi. Nilipomuaga alinipa kamba iliyofungwa vizuri, "utahitaji kufungia kitu," na akasema, "Weye mkeka wako una siafu." Nikaenda Galu, nikapata kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya ufukweni, kwa ajili ya Kiingereza changu cha shule.

Alikuja kunitazama huko Jumapili moja, amebeba mkate wa sinia ndani ya kikapu. Nilimkaribisha nyuma, kwenye kibaraza cha wafanyakazi. Alikuwa akinipa kipande cha mkate wakati mgeni mmoja, Mzungu mzee, alipokuja kuniuliza ufunguo wake. Yule Mzungu alisahau ufunguo. Aliutazama mkono wa Karani, akaushika kama anayesalimia, asiuachie. Akapitisha kidole juu ya vinundu, kimoja kimoja. Kisha akamtazama machoni, akiinama. Kisha akaniambia nimwombe ainue mguu.

"Ananikagua kama mbuzi wa mnada wa Samburu," Karani akasema. "Mwambie meno nayo yamo."

Nilitafsiri. Mzungu hakucheka. Alisema yeye ni daktari wa moyo, na akaniuliza kama mtu huyu ana ndugu.

"Anauliza kama una ndugu wa kiume."

"Nilikuwa nao watatu."

Daktari hakungoja nitafsiri. Nadhani aliuelewa uso.

Alimtoa damu, akaipeleka mwenyewe Mombasa ikapimwe, na Jumapili iliyofuata tukaketi tena kibarazani watu watatu. Mimi nilikuwa katikati, na sijawahi kubeba maneno mazito kama yale. Alisema damu ya Karani imejaa aina ya mafuta yaitwayo kolesteroli, kupita kiasi kabisa. Mafuta hayo huganda ndani ya mishipa inayolisha moyo, mwaka baada ya mwaka, na mwenyewe hana habari. Vile vinundu ni mafuta hayo hayo yaliyotafuta pa kukaa.

"Mwambie samli mimi huiona kwenye harusi za watu," Karani alisema.

"Anasema si chakula. Kwa watu wengine ni chakula, wewe umezaliwa nayo. Ini lako haliwezi kuyaondoa mafuta hayo. Baba yako alikuwa nayo."

"Na kaka zangu."

"Na kaka zako."

Karani aliutazama mkono wake. Miaka yote watu walimwambia nyumba yao inafuatwa, na leo mtu asiyemjua amemwambia kinachowafuata kimo ndani ya damu yao wenyewe. Sijui kama ilimfariji.

Kisha daktari akatoa chupa ya kahawia. Ndani yake mlikuwa na vidonge laini, vinavyong'aa kama macho ya samaki, vimejaa mafuta. Karani alishangaa kwamba dawa ya kuondoa mafuta nayo ni mafuta. Daktari alieleza ni dawa mpya. Viwili asubuhi, viwili jioni, kila siku ya Mungu, maisha yake yote. Alikuwa mtu mkweli, nami nilitafsiri ukweli wake kama ulivyo: kwamba dawa hupunguza yale mafuta kwenye damu, hilo wamelipima. Kama kweli humkinga mtu na kifo cha ghafla, hilo bado wanalitazama.

"Nitasikiaje kwamba inafanya kazi?" Karani aliuliza.

"Anasema hutasikia kitu. Ukiinywa hutasikia, na ukiiacha hutasikia."

"Basi nitajuaje?"

"Kwa kupimwa damu."

"Mizani hiyo iko wapi?"

Nilimwuliza daktari. Alisema hata Mombasa kipimo kile ilibidi akiombe kwa hisani, na yeye anaondoka wiki ile.

Karani aligonga ubao wa benchi, polepole. Kisha akasema jambo ambalo tangu mwanzo ndilo lililokuwa likimkaa moyoni. "Mwulize kuhusu mtoto."

Alikuwa na mtoto mmoja, Mwanajuma, wakati huo ana miaka kumi na mitano. Mimi nilikuwa nimemwona mara nyingi na sikuwa nimetazama miguu yake. Nyuma ya visigino, Karani alisema, vimeanza kutoka. Vidogo, kama choroko.

Daktari alivua miwani. Alisema dawa hii haijajaribiwa kwa watoto, hathubutu kumpa. Angoje awe mtu mzima.

"Angoje awe mtu mzima," nilitafsiri. Halafu kwa vile nilimhurumia, na kwa vile nilikuwa na miaka ishirini na tano na kinywa chepesi, nikaongeza la kwangu: "Na dawa itakuwapo, inshallah."

Daktari hakusema hivyo. Alichosema ni kwamba atajaribu kuituma.

Na aliituma. Kwa muda wa miaka miwili kifurushi kilikuja hotelini kwa jina langu, chupa sita sita, nami nikazipeleka Msambweni siku yangu ya mapumziko. Karani alizipokea kwa mikono miwili. Nikirudi safari nyingine nilizikuta zile za kwanza ziko tupu, zimepangwa dirishani, kila moja imekwisha kupewa kazi: moja ina pilipili manga, moja misumari midogo, moja mbegu za mchicha.

"Habari za kifua, Karani?"

"Alhamdulillahi. Mwanajuma, mletee kaka yako chai."

Nami nikizitazama chupa tupu nafurahi. Mimi, niliyefundishwa na yeye mwenyewe pale langoni, nilizipima tupu peke yake na nikaondoka.

Aliivuka arobaini na moja. Akaivuka arobaini na mbili. Siku aliyotimiza arobaini na tatu nilisafiri makusudi kutoka Galu, nikamkuta anakarabati banda la kuku, nikampa mkono kama mtu aliyeshinda mashindano. Alijua ninachopongeza. Alitabasamu, akauangalia mkono wake ndani ya wangu, akasema, "Wanaotufuata wamenisahau." Mimi moyoni nilisema, dawa hiyo. Nilijivuna. Nilikuwa nimepita duniani nikifanya jambo moja la maana.

Kisha vifurushi vilikoma. Niliandika barua mbili kwa anwani ya daktari, hazikujibiwa. Ya tatu ilirudi imepigwa muhuri nisioweza kuusoma. Nilikwenda Mombasa na chupa tupu mfukoni, nikaingia duka moja la dawa baada ya jingine. Mwenye duka mmoja aliisoma karatasi ya chupa akiisogeza mbali na macho, akanirudishia. "Hii haiji huku, bwana. Mgonjwa anaumwa nini?"

"Haumwi," nikasema.

"Basi mshukuru Mungu," akanijibu, akamwita mteja mwingine.

Nilimwambia Karani. Alisema si kitu. Mbona alichukua habari ile kwa utulivu hivyo, sikujiuliza. Muda si mrefu siafu wangu wakanipanda tena, nikaacha hoteli, nikaenda Tanga, nikarudi, nikaishia Samburu kwenye barabara ya Nairobi, nikiandika hati za malori.

Siku hizi nasikia zipo dawa nyingine za mafuta hayo, bora kuliko ile, na kwamba ile ya chupa za kahawia madaktari wameanza kuitupa mkono. Pengine isingemsaidia. Nimejaribu kulishika hilo liwe faraja, halishikiki. Karani alikufa miezi minne baada ya siku ninayotaka kuieleza. Mwanajuma yu hai. Mwaka huu anatimiza thelathini na nane. Nimemwandikia aende Mombasa akapimwe damu, nikamtajia jina la dawa hizo mpya nililolinakili gazetini. Alinijibu kwa adabu, akaniuliza nitakuja lini kuwatembelea. Kuhusu damu hakusema kitu. Haumwi popote.

Habari ya kuanguka kwa Karani niliipata kwa Hamisi, yule yule dereva wa mataniboi, ambaye sasa aliendesha lori la safari ndefu. Alisimama Samburu kunywa chai, akaniona, akavua kofia.

"Karani wako ameanguka," alisema. "Juu ya bamba lake. Alikuwa anakagua magurudumu ya mkokoteni, akashika kifua, akalala. Mshale wa mizani uliruka, bwana, kisha ukasimama. Nilikuwapo. Niliusoma uzani wake." Akavaa kofia, akaivua tena. "Mwepesi mno, yule mtu."

Hakuwa amekufa. Nilipanda lori la Hamisi lililokuwa likirudi pwani, na asubuhi ya pili nilibisha hodi nyumbani kwake.

"Karibu. Nani?"

"Mie, Karani. Shikamoo."

"Marahaba. Umeletwa na siafu?"

Alikuwa ameketi juu ya kitanda cha kamba ukumbini, mito miwili mgongoni, amevaa kanzu ile ya kuonyesha vidole. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Alizungumza maneno matatu, akapumzika, akazungumza matatu mengine. Kutoka uani nilisikia mbuzi ya nazi ikikwaruza. Mwanajuma, ambaye sasa ana mume na mtoto wa kunyonya, alikuwa amekuja kumwuguza. Alikuja kunisalimia, akanipa mkono wenye machicha. Vinundu vilikuwa vimeshafika kwenye vidole.

Alipokwisha kurudi uani Karani alinishika kiwiko.

"Sasa ni mtu mzima," alisema. "Siyo?"

"Mtu mzima kabisa."

"Daktari alisema angoje. Amengoja." Akaelekeza kidevu chini ya kitanda. "Livute."

Lilikuwa kopo la biskuti, kubwa, la mraba. Mfuniko wake ulikuwa umezibwa pande zote kwa nta ya nyuki, kazi safi, ya mtu mwenye subira. Aliniambia alilifunga hivyo kwa ajili ya sisimizi, siku nilipomletea habari kwamba vifurushi vimekoma, na tangu siku hiyo hakulifungua.

Nililiweka magotini. Nilikuwa nimekwisha kujua. Nilijua kabla sijaitia kisu nta, na bado nikauliza, kama mtu anayeomba aambiwe uongo.

"Kuna nini humu, Karani?"

"Zote," alisema. "Nilimimina zote. Chupa ni vyombo vizuri."

"Wewe hukunywa?"

"Mimi trela langu lilikuwa linarudi." Akapumzika. "Yeye ndiyo kwanza anakwenda."

"Hata kimoja?"

"Kile cha kwanza. Mbele ya daktari. Kwa adabu."

Niliikata nta, nikainua mfuniko. Harufu ilitoka, ya mafuta yaliyochacha. Joto la ukumbi ule, na unyevu wa masika kadhaa, vilikuwa vimeviyeyusha vidonge vyote vikashikana. Hapakuwa na kimoja kilichobaki kimoja. Kilikuwa kipande kizito, cha mraba kama kopo lenyewe, rangi ya halwa, na ndani yake, ukitazama vizuri, yalionekana maduara ya vile vilivyokufa mwisho.

Nilikaa nalo mapajani. Nilitaka kusema imeharibika. Nilitaka kumwambia kwamba hata ingekuwa nzima, mtoto wa Mwanajuma angekuwa hajafika hata umri wa shule na kopo lingekuwa tupu, na Mwanajuma anahitaji dawa kwa miaka yote ya maisha yake. Nilitaka kumwomba radhi kwa ile inshallah yangu ya kibarazani.

Karani aliinama, akatazama ndani. Alitazama kwa muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya kile kipande, kikamnatia. Kisha akanyoosha mikono, nikampa kopo, akaligeuza juu ya kiganja, na kipande kikatoka kizima kwa uzito wake. Alikipima hewani, juu chini, juu chini, kama nilivyomwona akipima vitu elfu.

"Haijapungua," alisema.

"Karani..."

"Haijapungua hata kidogo. Zimeshikana tu." Akainua sauti, na kuinua sauti kulimgharimu, nilimwona akingoja pumzi irudi. "Mwanajuma! Njoo na kisu. Na karatasi."

Kwaruzo la mbuzi likanyamaza. Mwanajuma akaingia, kisu mkononi, akaketi chini miguuni pa baba yake kama mtoto anayengoja kugawiwa, akakitazama kile kitu, akanitazama mimi. Macho yake yaliuliza. Pembezoni mwa mboni duara lilikuwa halijaanza.

Karani alipokea kisu. Mkono wa kushoto haukuwa na nguvu, kwa hiyo akaniomba nimshikie kipande kisiteleze, nami nikakishika. Akaweka makali juu ya pembe, akasita.

"Alisema ngapi kwa siku?" aliniuliza.

Nilisikia sauti yangu ikimjibu.

"Viwili asubuhi," nikasema. "Viwili jioni."

Aligonga kitanda mara moja, kok, akaanza kukata.